Namba Tatu Imechukuliwa na Watani

Jumatatu, 8 Januari

Nimekuwa mratibu. Sijui imetokeaje. Mwalimu Apambila aliingia klabu ya sayansi na masanduku matano meupe, kila moja ukubwa wa mkate, akauliza nani yuko tayari kuratibu. Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mimi nikanyamaza. Akasema anataka mtu mtulivu, akaninyooshea kidole. Miaka kumi na sita nimenyamaza kwa woga. Leo ndiyo mara ya kwanza umenilipa!

Kazi yenyewe: vipimio vitano vya hewa, sehemu tano za mji wetu wa Bolga. Kila kimoja kinavuta hewa na kuhesabu chembe laini, zile zisizoonekana kwa macho, zinazopita puani na kwenda kukaa mapafuni bila hodi. Namba inatokea kwenye kioo kidogo. Ndani kuna kadi inayohifadhi kila kitu. Lakini namba peke yake ni bubu, anasema Mwalimu. Lazima mtu aende mara tatu kwa siku, aandike daftarini: kioo kinasema ngapi, upepo unatoka wapi, nani anachoma nini. Daktari Hawawu wa Tamale ndiye anayeunganisha miji yote. Anataka kujua, katika vumbi hili la harmatani, upepo mkavu wa kiangazi, kiasi gani ni jangwa na kiasi gani ni sisi wenyewe.

Ijumaa ya tarehe 19 anakuja. Daftari likiwa limejaa robo tatu au zaidi, vipimio vinabaki kwetu mwaka mzima. Lisipojaa, vinapelekwa mji mwingine. Mwalimu alisema hayo akitazama dirishani, ambako leo mlima hauonekani. Nikamfikiria Shangazi Atipoka. Anakohoa tangu nizaliwe. Yeye anaamini ni umri.

Naibu wangu: Pogle. Mdagaaba. Wazee wake walihamia kutoka Jirapa. Wadagaaba ni watani wetu sisi Wafrafra tangu mababu walipogombea kichwa cha mbwa, na kesi haijaisha hadi leo. Akanipongeza mbele ya wote, akasema ni vizuri Mfrafra kupewa kazi ya kuhesabu, huenda akajifunza. Jibu zuri sana lilinijia jioni, nikiwa naoga.

Jumanne, 9 Januari

Mzunguko wa kwanza. Namba moja, juu ya paa la maabara: hakuna watu, raha. Namba mbili, zahanati: muuguzi alinisalimia, mimi nikaisalimia mashine. Namba nne iko kwa kina Pogle, ataandika mwenyewe, Mungu ni mwema. Namba tano iko gereji. Mafundi wanampigia miluzi kila mwanafunzi anayepita. Nikasoma kioo nikiwa ng'ambo ya barabara. Ilikuwa 90 au 190. Nimeandika 140, nisimwonee mtu.

Namba tatu ndiyo yenyewe. Uani kwa Shangazi, anakopikia pito, pombe ya mtama. Mitungi minne mikubwa, kuni tangu alfajiri, wanawake watano ndani ya moshi kama samaki wanaokaushwa. Nikakuta kioo cheusi. Kimechomolewa! Kwenye soketi zinachaji simu nne za wateja.

Sasa, dada mkubwa wa baba yako humwambii amekosea. Kiingereza cha shule ninacho, Kigurune cha nyumbani ninacho. Mdomo ndio sina. Nikamwandikia barua. Kurasa mbili, lugha mbili, heshima tele. Akaipokea kwa mikono miwili, akausifu mwandiko, akaifunikia chungu cha kimea.

Hajui kusoma. Najua hilo tangu utoto. Sielewi nilifikiri nini.

Jumatano, 10 Januari

Mpango!

Mzee Azubila, msuka vikapu, ndiye mteja wa kwanza wa Shangazi kila asubuhi, na hajawahi kutunza neno hata moja. Nikamnong'oneza kwamba sanduku lile linachukua kila kilichomo hewani na kukifikisha kwa wakubwa Tamale. Jambo ambalo ni kweli tupu. Akaniuliza, hata maneno? Nikatazama chini. Mimi hutazama chini siku zote. Mtu akielewa anavyotaka, kosa si langu.

Mahesabu yangu: wakiogopa, hakuna atakayeligusa. Nimelala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 11 Januari

Hawakuogopa.

Kufika saa nne palikuwa na foleni. Mzee Azubila ameifikishia serikali habari za pampu ya kisima iliyokufa tangu mwaka juzi. Mama mmoja wa soko la vikapu ameeleza tabia za mumewe, kwa tarehe. Mwingine amemsalimia kaka yake aliyeko Tamale, akamuulizia watoto mmoja mmoja, na baada ya kila mtoto akanyamaza kidogo ili ajibiwe. Wazee wote wameliegemea sanduku, viko vya tumbaku midomoni, wakilipulizia moshi usoni. Kioo: 612.

Lakini hakuna anayechomoa! Ukigusa plagi, foleni nzima inakuzomea. Pito imeisha kabla ya adhuhuri na Shangazi ananiita mume wake mdogo. Kwa hiyo mpango umefaulu. Ila haukufaulu.

Kila alasiri Mwalimu humsomea Daktari namba kwa simu. Leo Daktari akataka aeleweshwe 612 ni kitu gani. Mwalimu akanipa simu. Nikasema, vumbi. Daktari akauliza ni vumbi gani hilo linalofika namba tatu lisifike zahanati, hatua mia tatu tu. Nikampa Pogle simu.

"Daktari," akasema Pogle, "hilo si vumbi. Ni bunge."

Akaeleza yote. Tulimsikia Daktari akicheka hadi Mwalimu naye akaanza. Kisha akaagiza kila kitu kiandikwe: wazee wangapi, viko vingapi, saa ngapi. Si aibu, akasema, ni maelezo. Pogle akaandika kurasa tatu. Mwandiko wake una mikia.

Ijumaa, 12 Januari

Kesho ni matanga ya Mzee Akolgo, jirani yake Shangazi na mtu wa ukoo wetu. Tulimzika wakati wa mvua. Sasa kiangazi kimefika, mavuno yako ghalani, ni zamu ya kumlia na kumnywea ipasavyo. Shangazi anapika pito ya watu mia tatu. Daktari amefurahi mno. Anasema siku kama hiyo haipatikani kirahisi, tuandike kila saa.

Watu mia tatu. Na mimi katikati na daftari.

Mpango: homa. Nimemwambia Mama mwili unatetemeka. Amenigusa paji la uso, akanichemshia mwarobaini, akasimama hadi nikamaliza kikombe. Kisha akasema matanga ya ukoo hayana mgonjwa. Sasa sina homa, ila nina kichefuchefu, na kesho naenda vilevile.

Jumamosi, 13 Januari

Balaa!

Saa moja asubuhi niliandika: 388, upepo kutoka kaskazini mashariki, mitungi saba jikoni, kuni mbichi. Nilisimama pale kwa miguu yangu miwili. Nataka ijulikane.

Saa tatu wakaingia Wadagaaba. Ishirini na ushee, nguo wamezivaa nje ndani, mbele yao Mjomba Bayor, kaka wa mama yake Pogle, akilia kwa sauti ya fahali. Akauliza sasa nani atawadhulumu, maana aliyekuwa akiwadhulumu vizuri ameondoka. Akajilaza kwenye mkeka wa marehemu, akasema hainuki hadi aletewe paja la mbuzi, maana marehemu hakuwahi kumpa hata utumbo. Mjane alicheka akafuta machozi, akacheka tena. Tangu Agosti sijamwona akicheka. Hata mimi nilicheka. Nikasahau kazi kama dakika ishirini.

Niliporudi, sanduku halipo. Kwenye msumari wake unaning'inia mfupa.

Nikamkimbilia Shangazi. Wala hakuacha kukoroga. Akasema watani wamechukua, na ni haki yao. Matanga ya mwaka juzi walichukua ng'ombe. Asiyechukuliwa kitu hana watani, na asiye na watani ni mkiwa. Akaniangalia usoni akaongeza kwamba anayenuna hulipa mara mbili.

Nikatabasamu. Mashavu yaliuma.

Pogle alikuwa nyuma ya mtungi, ananisubiri. Akaniambia hawataki kanga wa kuchinja, hawataki tumbaku.

"Utakuja nyumbani," akasema. "Utasimama mbele ya Mjomba na watu wote, useme kwa sauti ya kusikika: kichwa cha mbwa kilikuwa chenu. Basi. Utachukua sanduku lako."

Nikamwambia kile ni kifaa cha sayansi. Akanijibu ndiyo maana bei yake ni maneno tu.

Maneno tu! Angesema ng'ombe ningeomba ng'ombe.

Jumapili, 14 Januari

Wadagaaba wote huenda Misa. Nyumba inabaki tupu. Mpango unajieleza.

Nyumba haikuwa tupu. Mlangoni ameketi bibi yake Pogle, macho yameingia ukungu, fimbo magotini. Akauliza nani. Nikasema mimi. Akauliza mimi wa nani. Nikataja baba. Akasalimia baba, mama, babu aliyekufa, mbuzi. Akasema harmatani ya mwaka huu inapasua midomo, nikasema ndiyo. Akaniita nikae. Akaninyooshea bakuli la kunde zenye mafuta ya shea.

"Wewe ndiye Mfrafra uliyekuja kuiba," akasema. "Kula kwanza. Mwizi mwenye njaa hukamatwa."

Nikala. Ungefanya nini? Bakuli la kwanza, akaongeza la pili. Nikiwa katikati ya la pili nikasikia nyimbo za kanisani zinakuja barabarani. Nikatokea upande wa zizi. Sikushukuru hata kwa kunde. Hilo nitaliwaza mwaka mzima.

Jioni nimemtuma Mzee Azubila apeleke kanga mnono kwa Mjomba Bayor, labda roho italainika. Jibu limefika kabla ya giza. Kanga alikuwa mtamu, wanashukuru sana, wanaisubiri sentensi.

Jumatatu, 15 Januari

Nimefika hadi kwenye uzio wao. Nimesikia sauti zaidi ya kumi ndani. Nimerudi.

Sasa nalitazama daftari. Mstari wa namba tatu: tangu Jumamosi saa nne, vyumba vyeupe tupu. Na namba tatu ndiyo Daktari anayoitaka kuliko zote. Vipimio vitaondoka kwa sababu ya mtu mmoja asiyeweza kusema maneno matano. Watu wakiuliza, watajibiwa kwa jina langu.

Ndipo likanijia. Ukikosa mashine, kuna uzoefu. Nani anaujua ua wa Shangazi kuliko mimi? Nimezaliwa katika moshi ule! Nikaandika: saa moja, 240, kuni mbichi, upepo hafifu. Ikaonekana kavu. Nikaongeza: kuku wawili wanapita. Papo hapo ikawa kweli. Hakuna mtu anayebuni kuku.

Nikaendelea. Saa saba, 310, Shangazi anachochea mtungi wa pili. Saa kumi na moja, 275, mbwa amepiga chafya. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, nikamalizia na namba tano ya gereji, mafundi wanachoma tairi kuukuu. Huenda kweli wanachoma. Ni watu wa namna hiyo.

Nina kipaji. Nasema bila majivuno.

Jumatano, 17 Januari

Mwalimu amenisifu mbele ya klabu! Amesoma kwa sauti maelezo yangu ya jana, "moshi umelala chini kama ng'ombe mwenye mimba," akasema hivyo ndivyo mtafiti anavyotazama, si kuandika "moshi upo" na kukimbia. Amelichukua daftari, amelifungia kabatini lisichafuke kabla Daktari hajafika. Masikio yangu yaliwaka moto hadi jioni.

Pogle alisikiliza akiwa ameziba mdomo. Baadaye akaniuliza, kwa upole kabisa, leo taa ya namba tatu ni rangi gani. Nikasema kijani. Akasema vizuri sana. Akauliza na kuku, hawajambo? Nikasema hawajambo.

Nadhani ananionea huruma sasa. Ana macho mazuri. Sijui kwa nini nimeandika hilo.

Nilipita kwa Shangazi kuomba maji. Pale kwenye msumari, chini ya mfupa, ameweka kibuyu kidogo chenye punje za mtama. Nikauliza ni cha nini. Akasema tangu sanduku lichukuliwe ameona kazi ya watu isilale, kwa hiyo anapima mwenyewe: kila akikohoa, punje moja. Jumapili, hakupika, punje tisa. Leo kapika, na hata jua halijashuka, thelathini na nne. Kila siku ina kifungu chake, amefunga kwa kitambaa. Akaniuliza kama Daktari ataweza kukitumia, au ni upuuzi wa mwanamke asiyesoma.

Nikasema ataweza. Nikanywa maji.

Alhamisi, 18 Januari

Nimekwenda.

Sikwenda kwa ushujaa. Usiku mzima nimeziona zile punje. Baada ya shule nikaandika sentensi kiganjani kwa kalamu, nikapita uzio kabla miguu haijaulizwa. Walikuwepo wote. Mjomba Bayor kwenye kigoda, bibi na fimbo yake, watoto wamepanda ukutani. Pogle ameegemea ghala. Wakanigeukia wote kwa pamoja, kama waliopanga.

Nikatazama kiganja. Jasho limefuta kila kitu.

"Kichwa cha mbwa kilikuwa chenu," nikasema.

Mjomba Bayor akaweka mkono sikioni. Akasema anasikia mbu, lakini haoni mbu.

"Kichwa cha mbwa kilikuwa chenu!" Sauti sikuijua, ilitoka chini sana. Na ilipokwisha kutoka haikutaka kurudi ndani. "Kilikuwa chenu, maana nyama yote tulikwisha kula sisi. Tukawaachia kichwa ili mpate mtu wa kuzungumza naye."

Nikajua nimekufa. Kisha bibi akapiga fimbo chini mara tatu, na Mjomba Bayor akaanguka kutoka kwenye kigoda, na watoto wakaanguka kutoka ukutani. Wakanipigapiga mgongoni hadi nikakohoa. Mjomba akafuta macho, akasema miaka yote hii amesikia kwamba kijana wa Atipoka ni bubu, kumbe alikuwa anaweka akiba. Nimeshikwa mikono na watu zaidi ya ishirini. Sikufa hata kidogo.

Ndipo Pogle akanipeleka ndani kuchukua sanduku langu.

Yapo mawili ukutani. Namba nne na namba tatu, bega kwa bega, kwenye soketi moja. Taa zote mbili za kijani.

"Ulidhani tutalizima?" akasema Pogle. "Mimi ni naibu mratibu."

Na daftari dogo limening'inia pembeni. Kila siku, mara tatu, vioo vyote viwili, kwa mwandiko wenye mikia. Jumamosi saa nne na nusu: namba tatu imewasili kwa pikipiki, imezimika dakika arobaini, imewashwa. Halafu kila kitu. Kadi inahesabu muda wote. Kadi inajua kila kitu.

Nikawakumbuka kuku.

Nimerudi na sanduku mikononi, nimeitundika namba tatu kwenye msumari wake, Shangazi amepiga vigelegele. Daftari langu liko kabatini kwa Mwalimu. Ufunguo uko shingoni kwake. Nimetazama ile shingo kwa muda.

Ijumaa, 19 Januari

Daktari Hawawu amefika kwa pikipiki, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Alikunywa maji, akatoa kadi tano, akaziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Kando yake daftari langu na daftari dogo la Pogle. Klabu nzima tumesimama.

Alifika namba tatu. Akasoma kadi. Akasoma daftari langu. Akasoma kadi tena. Nilihesabu pangaboi la darini likizunguka mara sitini.

"Ayamga," akasema bila kupandisha sauti. "Hawa kuku wawili walipita wapi?"

Nikasema uani kwa Shangazi.

"Na sanduku lilikuwa wapi?"

Nikaanza kulihesabu pangaboi upya.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema yeye haogopi pengo, pengo analiona, anaweka alama, anaendelea na kazi. Lakini namba ya uongo huketi kwenye kiti kama mgeni aliyealikwa, na hakuna wa kuitoa. Miji minane inasubiri kulinganisha moshi wake na wetu. Akasema mbwa wangu mmoja aliyepiga chafya angeweza kuwadanganya watu hadi Accra.

Kisha akachukua daftari la Pogle, na uso ukabadilika kabisa. Akauliza nani aliyetoa wazo la kuviweka viwili pamoja. Pogle akasema watani. Daktari akasema anaziomba shule tangu mwaka juzi ziweke vipimio viwili kando kwa kando, siku kadhaa, ijulikane kimoja kinatofautiana vipi na kingine, na kila shule inagoma kwa kuwa kila mtu anataka sanduku lake kwake. Siku tano, saa kwa saa! Namba tatu inazidisha kidogo, sehemu moja kwa kumi, kila mara. Sasa anajua, anaweza kuirekebisha. Na hata akiirekebisha, ua wa Shangazi siku ya kupika bado ni mbaya kuliko barabara kuu.

Alasiri alikwenda kwa Shangazi. Wakakaa chini wawili, wakamwaga punje kwenye ungo, wakazihesabu kifungu baada ya kifungu. Daktari aliandika kila moja. Akamwambia katika Bolga nzima hajaona daftari safi kama kile kibuyu. Shangazi alikohoa, na kwa mazoea akaongeza punje.

Vipimio vinabaki. Mwaka mzima! Pogle ndiye mratibu. Mwalimu alitaka nitoke kabisa klabuni, na sikuweza kumlaumu. Daktari akasema aliyeogopa sentensi moja siku tano na mwishowe akaisema, abaki, awe naibu. Kwa sharti moja. Kesho saa mbili, kabla hajaondoka, nimpe orodha ya kila mstari, wa kila kipimio, tangu siku ya kwanza, ambao sikuuona kwa macho yangu. Itafutwa yote, vyumba vibaki vyeupe. Amesema orodha hiyo, ikiwa ya kweli, itakuwa na thamani kuliko daftari zima.

Alinishika mkono. Nimeapa moyoni.

Jumamosi, 20 Januari

Saa kumi na mbili asubuhi. Mimi ni mtu mpya. Nimeketi na daftari, kalamu nyekundu, na ukweli.

Saa kumi na mbili na nusu. Kuna tatizo. Niliandika vizuri mno. Mstari wa namba tano, Jumatano ya wiki iliyopita: "fundi mrefu anachoma mpira, upepo umegeuka magharibi." Nilikwenda, au sikwenda? Harufu ya ule mpira naikumbuka kabisa. Lakini na yule mbwa aliyepiga chafya namkumbuka, tena alikuwa na doa jeupe sikioni, na Shangazi hafugi mbwa.

Saa moja. Nina hakika na mistari kumi na tisa. Iliyobaki sijui. Ningeweza kwenda kwa Daktari nikamwambia uso kwa uso kwamba sikumbuki. Nimelifikiria hilo. Amefikia nyumbani kwa Mwalimu, na kwa Mwalimu Jumamosi asubuhi kuna wageni.

Saa moja na robo. Kumi na tisa inaonekana ndogo, kama mtu anayeficha. Arobaini inaonekana kama majigambo. Nimeweka thelathini na moja. Ina sura ya mtu mkweli. Ile kumi na miwili ya nyongeza nimechagua yenye mwandiko mbaya, ni haki, na ili orodha isiwe kavu nimeandika mbele ya kila mmoja sababu iliyonizuia kwenda. Zimetoka vizuri sana, hasa ya mwisho: nilikuwa njiani kabisa nikakamatwa na mvua.

Mvua ya mwisho hapa ilinyesha Oktoba. Lakini mtu wa Tamale atajuaje hali ya hewa ya Bolga?